Palipolika Mti wa Pazia

Hotuba hii niliitoa ngomeni Lamu, usiku baada ya isha, mbele ya waandishi vijana, walimu na wenyeji wa mji. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimepunguza marudio.

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu na shangazi zangu mlioacha majumba yenu mkaja kukaa kwenye mikeka hii, walimu, na nyinyi wanangu wenye madaftari mapajani, nawashukuru. Naomba radhi mapema kwa yeyote ambaye nitamgusia mababu zake bila kujua. Mji wetu ni mdogo, na kila jiwe lina mwenyewe.

Nimeombwa nieleze ninakopata mambo ya kuandika katika riwaya za mapenzi ya zamani. Wengi wanaoniuliza hutarajia niwatajie maktaba na makumbusho. Huko nimekwenda, na bado nakwenda. Lakini riwaya ninayoipenda kuliko zote nilizoandika ilitoka kwenye dari iliyokuwa ikimwaga vumbi.

Dari yenyewe ni ya nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani, kwenye msana wa juu, mojawapo ya kumbi zake ndefu. Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kila asubuhi tulikuta chokaa sakafuni kama unga uliochekechwa. Tukamwita fundi, mzee wa rika la baba yangu, ambaye namwita ami ingawa hatuna udugu wa damu. Wakati huo nilikuwa nimekwama. Nilikuwa na kurasa mia mbili za riwaya juu ya Vita vya Shela, vile vya mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walipowashinda Wamazrui wa Mombasa na watu wa Pate kwenye mchanga wa ufukweni. Ngome hii tuliyokaa ndani yake usiku huu ilikamilika baada ya vita hivyo, mwaka 1821. Nilikuwa na majahazi, nilikuwa na panga, nilikuwa na majina yote ya mashekhe. Mchapishaji mmoja akanirudishia mswada na maneno mawili: wapenzi wangu hawana pumzi. Akanishauri nimtie nahodha Mreno. Nilikaa na uchungu ule muda mrefu. Kuhusu Mreno nilijua amekosea, kwa sababu hadithi zetu zimekwisha kupewa Wareno wa kutosha. Kuhusu pumzi alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya tatu ya kazi, fundi aliniita. "Ndoo utezame, mwanangu," yaani njoo utazame.

Nikapanda ngazi. Alinionyesha mti mmoja mwembamba uliolazwa chini kidogo ya boriti, kutoka ukuta huu hadi ule. Nimekua chini ya mti ule nisijue kazi yake. "Huu ni wa pazia," akasema. "Pitisha kidole."

Nikapitisha. Mti ulikuwa laini, bado una alama za rangi nyeusi na nyekundu, mpaka nilipofika ncha ya kushoto, karibu kabisa na ukuta. Hapo kidole kilizama. Palikuwa na mfuo, kina chake kama nusu ya ukucha, umelika vile kamba ya ndoo inavyokula mdomo wa kisima. Mfuo mmoja tu. Kwingine kote mti ulikuwa mzima.

"Ami, hapa pameliwa na mchwa?"

"Mchwa hali hivi. Hapa pamelika kwa kitanzi. Pazia likivutwa lote, mti hulika kote. Hili lilikuwa likiinuliwa pembeni tu."

Akaurudia msumeno wake. Mimi nikashuka, nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, na chai yangu ikapoa. Mtu aliinua pembe ya pazia, si mara moja, si mara mia, bali mara nyingi kiasi cha kuuchimba mti. Alitaka kuona bila kuonekana. Alikuwa anatazama nini?

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma nyumba. Nyinyi wenyeji mnayajua haya, lakini vijana wengi mmekulia nyumba za matofali, basi mnivumilie. Nyumba ya mawe ya Lamu ina vyumba virefu na vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo bila kupinda. Mkoko ndio uliopima nyumba zetu. Unaingia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, njia ya ndani, na tekani hukukunja usione mambo ya watu moja kwa moja. Unatokea kiwandani, uwanja ulio wazi juu. Kutoka hapo nyumba inapanda hatua kwa hatua: msana wa chini, msana wa juu, kisha ndani, penye vidaka vya chokaa na sahani zake. Kila hatua ni siri zaidi ya iliyotangulia, na kati ya hatua na hatua mara nyingi kuna pazia tu. Sasa mtieni humo kijana na msichana. Mtu akikohoa msanani, wa ndani anasikia. Mtu akitembea na njuga mguuni, mgeni anajua amefika wapi. Niliandika kurasa mia mbili za mapenzi yenye macho tu, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya masikio! Ndiyo maana wapenzi wangu hawakuwa na pumzi. Nilikuwa nimewaweka mahali ambapo hakuna anayesikia pumzi ya mwenziwe.

Kisha kuna sabule, chumba cha mgeni, chenye njia yake, ambamo mtu huingia na kutoka bila kuipita nyumba yenyewe. Mfanyabiashara wa Oman au Hadhramaut au Surat alifika na kaskazi, Disemba au Januari, na tende zake na mazulia yake. Hakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke. Kusi likianza Aprili, jahazi linapakia boriti na pembe na nafaka, na mtu anaondoka. Hebu fikirini, wanangu. Mwandishi wa Ulaya akitaka kuwatenganisha wapenzi hana budi kubuni vita, au ugonjwa, au baba mkali. Sisi tunao upepo. Kila mtu katika nyumba ile anaijua tarehe ya kuachana kabla ya salamu ya kwanza. Tangu siku ile sihesabu sura za riwaya zangu kwa matukio. Naziweka kwenye kaskazi, matlai, ule upepo wa mashariki, na kusi, na hadithi inatembea yenyewe.

Na kuna jambo la ndoa. Kwa desturi ya wangwana wa mji huu, watu huru wenye nasaba, baba alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya yake, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi ya kale za kwao Waingereza, na karibu zote zina yule bibi arusi anayeshuka kwenye gari la farasi mbele ya jumba asilolijua, akitetemeka. Nilikuwa nimemwiga bila kujitambua. Binti wangu wa Lamu alikuwa akitetemeka mlangoni kwa mumewe! Lakini hapa anayetetemeka ni bwana arusi. Yeye ndiye mgeni. Hajui ngazi ipi inalia ukiikanyaga, hajui sauti ya nani ni ya nani, anasikia vugo, ngoma ya arusi ya wanawake, kiwandani na hajui wanamsifu au wanampima. Fungate nzima, siku saba, anajifunza nyumba ya mkewe. Nilipoligeuza hilo tu, sura ya arusi niliyoihangaikia mwaka mzima iliandikika kwa siku nne.

Mtu anaweza kusema haya ni ya nyumba moja na mwandishi mmoja. Basi mtazameni Sayyida Salme wa Unguja, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akatoroka Unguja mwaka 1866, wakaoana Aden mwaka 1867. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Watu wakisimulia kisa chake husimulia meli na kutoroka. Katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886 kuna jambo dogo ambalo mimi siwezi kulisahau: nyumba zao zilikuwa jirani, na paa la nyumba ya Ruete lilikuwa chini kidogo kuliko lake. Mapenzi yaliyotikisa kasri la Unguja yalianza na tofauti ya kimo cha mapaa mawili.

Nirudi kwenye makosa, kwa kuwa nayo yamenilisha. Katika mswada ule wa Shela, binti wangu alimpelekea mpenzi wake leso, yaani kanga, yenye maneno. Nilikuwa naipenda sana sura ile. Nikamsomea bibi mmoja mtaani, mtu mzima sana, Mungu amrehemu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, leso wakati huo ilikuwa bado." Ni kweli. Leso zilianza kuvaliwa pwani kwenye nusu ya pili ya karne ya 19, na maneno yakaja baadaye zaidi. Nilikuwa nimekosea kwa miaka hamsini na kitu. Nikamuuliza, basi wao walisemaje? Akaniambia: kwa kikuba, kifungu cha maua ya harufu. Asumini nyingi, rehani kidogo, au rehani nyingi na kilua kimoja kikiwa kimefichwa katikati. Anayejua atajua. Akaanza kunionyesha kwa vidole vyake namna ya kufunga, bila maua, bila uzi, hewani tu, na mimi nikasahau kuandika. Nimeitupa sura ya leso bila huruma. Sasa binti yule anasema kwa harufu, na harufu hupita kwenye pazia.

Ndiyo maana nawaomba msiogope kuhakiki. Mkiandika mji wa kale wa Gedi wa enzi zake, kule kusini mwa Malindi, penye kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399, msimpikie mtu mchuzi wa nyanya wala muhogo, kwa sababu vyote hivyo vilikuja kutoka Amerika baada ya Wareno. Lakini mkiisha kuvitoa, tazameni kilichobaki. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, baadhi ya majumba aliyoyakuta yalipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi. Nimesimama pale, kuta zimefika kiunoni, tumbili wanakimbizana juu yake, nami nawaza: mkasi huo ulikata nini mara ya mwisho? Mwaka 2024 Gedi imeingizwa kwenye Urithi wa Dunia, kama mji wetu ulivyoingizwa mwaka 2001, na nimefurahi. Ila bado namngoja mmoja wenu aniandikie ule mkasi.

Sasa nije kwa mshairi Mwana Kupona binti Msham, maana siwezi kuzungumzia mapenzi Lamu nikampita. Tulifundishwa utendi wake shuleni kama somo la adabu, mke amtii mume, basi. Dada zangu wengi wanaukasirikia kwa sababu hiyo, na sitawaambia hawana haki. Lakini usomeni tena mkijua nani anasema. Ni mwaka 1858. Mama huyu ameugua mwaka mzima, anamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi. Ni mjane. Mume anayemkumbuka, Bwana Mataka wa Siyu, yuko kaburini. Naye anamwambia binti yake kwamba aliishi na baba yake kwa furaha na kicheko. Kisha anaeleza: mume akilala usimwamshe kwa kelele, mkaribie umpapase, asikose mtu wa kumpepea. Hayo si maneno ya kanuni peke yake. Huyo ni mwanamke mgonjwa anayekumbuka joto la mtu ambaye hatalala tena karibu naye, na mkono wake bado unajua mahali pa kugusa. Upepeo ule nimeuazima mara tatu katika vitabu vyangu, na sina haya kulikiri hilo.

Lakini, na hapa naomba mnisikilize vizuri, aliyepepea ni nani?

Nilirudi kwenye mti wa pazia na swali hilo. Nilikuwa nimeshaandika sura saba mpya. Ndani yake binti wa nyumba aliinua pembe ya pazia kila magharibi kumtazama mgeni wa sabule. Nilikuwa na hakika. Wakati huo mti ulikuwa umelazwa kiwandani na fundi akiendelea na boriti. Kazi ilipokwisha, aliurudisha mahali pake, na mimi nikanunua kitambaa, nikashona vitanzi, nikaangika pazia. Magharibi ikafika. Nikasimama pale pembeni kushoto, penye mfuo, nikainua.

Sabule haionekani. Ukuta unaikata yote, mlango na ngazi. Nilijaribu kuinama, nikajaribu kusogea, wapi! Kutoka pembe ile unakiona kitu kimoja tu kiwandani, nacho ni kisima.

Binti wa mngwana hakuwa na shughuli na kisima. Na binti wa mngwana asingekaa pembeni mwa pazia, kwenye sakafu ya njia, penye upepo wa mlango. Anayekaa pale ni anayengoja kuitwa. Ni mjakazi.

Niliona haya, ndugu zangu. Nimezaliwa katika nyumba ile, na katika sura saba nilizoziandika kwa mapenzi makubwa, huyu mtu sikuwa nimempa hata jina. Alikuwa analeta maji ya kunawa na kutoka. Mnazijua habari za shiraa, lile hema la nguo ambalo bibi mngwana alitembea ndani yake barabarani asionekane. Shiraa kwa Kiarabu ni tanga, na kweli lilikuwa kama tanga linalopita kwenye vichochoro vyetu. Mara ngapi waandishi tumemwandika bibi aliye ndani, macho yake, manukato yake? Vijiti vya hema lile vilishikwa na mikono, na waliovishika hawakuwa wamefunikwa. Jua lilikuwa lao, na kila walichokiona njiani walikiona. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na pwani yetu hii ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo kuna waliokimbia Lamu wakaingia msituni kuelekea Witu, na sitaki kuamini kwamba kila aliyekimbia alikimbia peke yake.

Najua wako wasiopenda tuyaseme haya. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, andika mapenzi, usifukue." Nikamjibu, ami, siwezi kuandika mapenzi ya nyumba ile nikawafungia nje waliopenda humo bila ruhusa ya mtu. Mapenzi yao ndiyo yaliyokuwa na hatari ya kweli. Binti wa nyumba akinyimwa mtu wake, analia ndani, anaozwa mwingine. Mjakazi akinyimwa wake, huenda mtu huyo ameuzwa, yuko jahazini, na kusi limeanza.

Nikaanza upya. Sura zile saba ziko sandukuni, sizihitaji tena. Mjakazi nimempa jina ambalo sitalitaja leo, mtalikuta kitabuni inshallah.

Vijana mliniuliza kabla hatujaanza kama mnapaswa kusafiri ili kuandika. Sikatai safari. Ila wengi wenu mna nyumba za bibi zenu hapa hapa, Mkomani, Langoni, Shela, Pate, Siyu, na nyingine zinauzwa na kuvunjwa kila mwaka. Ingieni kabla ya fundi. Ulizeni kila kitu kilikuwa cha nini, hasa vile vidogo ambavyo hakuna aliyewahi kuvieleza: kigingi kilicho juu mno, kidaka kilichozibwa, hatua moja iliyolika kuliko zote. Msianze na "Bibi, nisimulie mapenzi." Hatakusimulia. Muulize nani alichota maji.

Na nyumba yetu iko wazi. Njooni baada ya alasiri, bisheni hodi, mtapewa kahawa. Nitawaonyesha mti wa pazia, kisha nitawapeleka kisimani, kwa kuwa kuna kitu nilikigundua mwezi uliopita tu, na hata fundi bado sijamwambia. Mdomo wa kisima ni wa mawe, nao una mfuo wa kamba, mmoja, mzito. Kwa kawaida mtu angechotea upande wa karibu na msana, kwa sababu maji yanapelekwa huko. Upande ule hauna alama. Mfuo uko upande wa pili, wa mbali, ambako mchotaji akisimama analazimika kuzunguka na ndoo iliyojaa. Nilisimama hapo, nikashika kamba kama anayevuta, nikainua uso. Mbele yangu kabisa palikuwa na pembe ya kushoto ya pazia.